Shule ya Mji wa Matajiri au ya Mji wa Kawaida?
Somo kwa vikundi vyenye watoto na wajukuu Marekani



Katika vikao tunavyohudhuria siku hizi kuna ombi ambalo zamani halikuwako katika daftari la mikopo. Mwanachama anasimama, anakohoa kidogo, anasema binti yake aliye Marekani amepiga simu. Mjukuu anaanza shule mwakani. Mji wanaokaa, ati shule zake si nzuri. Kuna mji wa jirani, dakika kumi kwa gari, ambao shule zake zinasifiwa kila mahali, lakini nyumba za huko ni ghali. Ili wahamie, inatakiwa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, zote kwa mpigo. Je, kikundi kitamsaidia mama huyu? Yeye yuko tayari kuweka hati ya shamba.

Hapo mabishano huanza. Mmoja husema elimu ni elimu, apewe. Mwingine huuliza: shule za serikali huko si ni za bure? Sasa pesa ni za nini? Na wa tatu, kwa kawaida mzee aliyekaa karibu na mlango, husema hata shule ya chini ya mti imetoa wakubwa.

Wote watatu wameshika ukweli kidogo. Tumeona ni vyema kuliweka jambo hili mezani kama somo, kwa sababu shamba likishawekwa rehani ni vigumu kurudi nyuma, na kwa sababu binti aliye mbali naye anahitaji wazazi wanaoelewa anachosema.

WILAYA YA SHULE NI KITU GANI?

Hapa kwetu mtoto anaweza kupangiwa shule ya upili ya bweni katika kaunti ya mbali kabisa, akabeba sanduku na godoro lake, akaenda. Marekani mambo si hivyo. Mtoto wa shule ya serikali husoma pale nyumba yao ilipo. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule zipatazo 13,000. Wilaya hizi msizifananishe na wilaya zetu za DC wa zamani. Nyingine ni ndogo kama lokesheni, nyingine ni kubwa kama kaunti nzima. Jimbo la Hawaii lote ni wilaya moja tu. Katika jimbo la Maryland kila kaunti ni wilaya moja, na jiji la Baltimore lina yake. Lakini huko Massachusetts, mara nyingi kila mji una wilaya yake, hivyo ukivuka barabara tu unaweza kuwa umeingia wilaya nyingine.

Kila wilaya ina bodi yake, ambayo mara nyingi huchaguliwa na wananchi kwa kura. Bodi huajiri walimu na kupanga matumizi. Karo hakuna, toka chekechea hadi darasa la 12. Lakini mlango wa kuingilia shule ni nyumba. Ukitaka shule fulani, kwa kawaida sharti ukae ndani ya mpaka wake. Kwa hiyo karo ipo, ila imejificha ndani ya kodi ya nyumba.

Na pesa za kuendesha shule zinatoka wapi? Kuna vyungu vitatu. Serikali ya kitaifa ya Washington kwa kawaida hutia karibu senti 10 tu katika kila dola. Zinazobaki hugawanywa karibu sawa kati ya serikali ya jimbo na wenyeji wenyewe, ingawa majimbo hutofautiana sana. Chungu hicho cha wenyeji ndicho chenye maneno. Hujazwa hasa na ushuru wa nyumba na ardhi, kama ile ada ambayo mwenye ploti mjini huku kwetu hulipa kila mwaka. (Katika somo hili tukisema "kodi" tunamaanisha ile anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba. Tukisema "ushuru" ni ule mwenye nyumba anaolipa serikali. Tusichanganye.)

Chukulieni vikundi viwili. Cha kwanza, kila mwanachama ana robo ekari. Cha pili, kila mmoja ana ekari kumi. Cha kwanza kikiamua kutoa debe moja katika kila madebe manane ya mahindi, na cha pili debe moja tu katika kila kumi, ni kikundi kipi kitajaza ghala? Watu wa robo ekari wamejinyima zaidi, na bado ghala lao ni tupu. Hilo ndilo tatizo zima la wilaya za shule za Marekani, na kuna mahali lilifikishwa mahakamani likahesabiwa hadi dola ya mwisho.

KESI YA SAN ANTONIO

Jiji la San Antonio liko jimbo la Texas. Ndani ya jiji hilo hilo kuna wilaya kadhaa za shule. Moja inaitwa Edgewood, nyingine Alamo Heights. Miaka ya 1960 Edgewood ilikuwa na watoto wapatao 22,000, wengi wao wa familia zenye asili ya Mexico, wazazi wakiwa watu wa vibarua na mishahara midogo. Alamo Heights ilikuwa na watoto karibu 5,000, kwenye mtaa wa wenye nazo.

Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wa shule ya upili ya Edgewood walitoka madarasani wakaandamana kulalamikia hali ya majengo na uhaba wa walimu waliohitimu. Wazazi waliwasikia. Mmoja wao, Demetrio Rodriguez, pamoja na wazazi wenzake, alienda mahakamani.

Sasa tazameni hesabu ya mwaka wa masomo wa 1967-68 kama ilivyosomwa mahakamani. Watu wa Edgewood walijitoza ushuru wa dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali yao. Watu wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu. Kwa hiyo maskini ndio waliojikaza zaidi. Lakini mali ya Edgewood, ukiigawanya kwa idadi ya watoto, ilikuwa dola 5,960 kwa kila mtoto, na ya Alamo Heights ilipita dola 49,000. Matokeo yake, ushuru huo uliwaongezea watoto wa Edgewood dola 26 kwa kila mmoja, na wa Alamo Heights dola 333.

Jimbo likatia chake: dola 222 kwa mtoto wa Edgewood na dola 225 kwa mtoto wa Alamo Heights. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Jimbo lilimpa tajiri dola tatu zaidi. Washington ikatia 108 kwa Edgewood na 36 kwa Alamo Heights. Jumlisheni wenyewe: 356 upande mmoja, 594 upande wa pili. Tunaomba mweka hazina wa kila kikundi aandike hesabu hii ubaoni watu waione, maana maneno matupu hayaonyeshi jambo hili kama inavyolionyesha chaki.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 majaji watano kwa wanne waliamua dhidi ya wazazi. Walisema katiba ya nchi haikuitaja elimu kuwa haki ya msingi, na kwamba marekebisho ni kazi ya majimbo. Mmoja wa wale wanne waliokataa uamuzi huo alikuwa Thurgood Marshall, Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kuwa jaji wa mahakama hiyo. Jina hilo lisiwe geni kwetu. Ndiye yule wakili aliyekuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, London, mwaka 1960, na aliyeandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba ya nchi yetu iliyokuwa ikitafuta uhuru.

Watu wa Edgewood hawakulala. Walirudi katika mahakama za jimbo, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Texas ilisema, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba mpango ule unavunja katiba ya jimbo. Mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kuzitaka wilaya tajiri zitoe sehemu ya ushuru wao kuzifaa nyingine. Watu wakaibandika jina la Robin Hood, yule mtu wa hadithi za Kiingereza aliyewanyang'anya matajiri akawapa maskini. Ni miaka 25 tangu watoto watoke madarasani. Waliokuwa wanafunzi walishakuwa wazazi.

KWA HIYO SHULE ZA MASKINI HAZINA PESA?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata walioko huko. Tangu kesi kama hizo, baadhi ya majimbo yamejitahidi kweli. Katika jimbo la New Jersey, mahakama iliamuru mwaka 1990 kwamba wilaya maskini za mijini zipewe fedha zifikie zile za wilaya tajiri, na mwaka 1998 ikaamuru watoto wa miaka mitatu na minne katika wilaya hizo wapewe shule ya chekechea ya bure. Jersey City, mji wenye Wakenya wengi, ulikuwa miongoni mwa wilaya hizo. Mama mwenye mtoto wa miaka mitatu akikimbilia mji ghali usio na mpango kama huo, huenda akajikuta analipia chekechea kutoka mfukoni huku akiwa ameikimbia ya bure. Basi aulize kwanza.

Mfano mwingine ni Lowell, Massachusetts, mji wa viwanda vya zamani vya nguo ambao una jumuiya ya Wakenya inayojulikana. Ni mji wa watu wa kawaida, umepakana na Chelmsford ambako hali ni nafuu zaidi. Tangu sheria ya elimu ya 1993 ya jimbo hilo, sehemu kubwa ya fedha za shule za Lowell hutoka kwa jimbo, wala si kwa ushuru wa wenyeji peke yao. Kwa hiyo mtu akisema "wilaya ile ni maskini", mwulizeni: maskini ni wakaaji, au ni shule? Ni vitu viwili.

Lakini pia tusidanganyane kwamba pesa si kitu. Wachunguzi watatu, Jackson, Johnson na Persico, walifuatilia watu ambao wilaya zao ziliongezewa fedha baada ya kesi za mahakama, na mwaka 2016 wakatoa matokeo. Mahali ambapo matumizi kwa kila mtoto yalipanda kwa asilimia 10 na kubaki juu kwa miaka yote 12 ya shule, watoto hao walipokuwa watu wazima mishahara yao ilikuwa juu kwa karibu asilimia 7, na waliofaidika zaidi ni wale waliotoka nyumba maskini. Kwa hiyo pesa inasaidia, ikija na ikikaa.

JE, MTOTO WA MASKINI AKIKAA NA WA MATAJIRI?

Tunakuja kwenye kiini cha swali la yule mama. Kuna uchunguzi mmoja ambao kwetu sisi unashinda mengine yote, kwa sababu ulipima jambo hili hasa. Kaunti ya Montgomery, Maryland, ni tajiri, na ilikuwa na sheria tangu miaka ya 1970 ya kuwataka wajenzi wa mitaa mipya watenge nyumba chache kwa watu wa kipato kidogo. Familia maskini ziligawiwa nyumba kwa bahati nasibu. Hawakuchagua. Wengine wakaangukia mitaa yenye shule za watoto wa matajiri, wengine mitaa yenye shule za watoto wa hali ya chini. Na kaunti haikuzisahau hizi za pili: ilizipa karibu dola 2,000 zaidi kwa kila mtoto, ikapunguza idadi ya watoto darasani na kuwaongezea walimu mafunzo.

Heather Schwartz aliwafuatilia watoto 858 wa shule za msingi tangu 2001 hadi 2007, akaandika matokeo mwaka 2010. Baada ya miaka mitano hadi saba, wale maskini waliosoma na watoto wa matajiri walikuwa wamewapita kwa mbali maskini wenzao waliosoma katika shule zilizoongezewa pesa. Katika hisabati walikuwa wamepunguza kwa nusu pengo lililokuwapo kati yao na watoto wenye uwezo.

Hivyo basi yule binti hana wazimu. Anachokitafuta kipo.

Lakini angalieni mambo mawili kuhusu familia hizo za Montgomery. Kwanza, kodi yao ilikuwa ya ruzuku. Hawakulazimika kufanya kazi usiku na mchana ili wabaki pale. Pili, matokeo hayakuonekana mwaka wa kwanza. Ilichukua miaka kadhaa ya kukaa mahali pamoja.

Umri nao ni jambo kubwa. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianza mpango katika majiji matano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, wa kuzipa familia za mitaa maskini sana hati za kusaidia kulipa kodi mahali penye nafuu, tena kwa kura. Raj Chetty, Nathaniel Hendren na Lawrence Katz waliwatazama watoto wale walipokwisha kuwa watu wazima. Waliohamishwa kabla ya kufika miaka 13 walikuwa wanapata kipato cha juu kwa asilimia 31 kuliko wenzao waliobaki. Waliohamishwa wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida, na huenda kuhama kuliwarudisha nyuma kidogo. Hapo kilichobadilika ni mtaa mzima, si shule peke yake, lakini ujumbe kwa mzazi uko wazi. Mtoto wa miaka sita na kijana wa miaka kumi na sita si swali moja. Ombi la mkopo likija, jambo la kwanza tunaloshauri kikundi kiandike ni umri wa mtoto.

ALAMA ZA MITIHANI ZINASEMA NINI?

Huko kila shule hupewa alama na watu huzisoma kabla ya kuchagua nyumba. Uchunguzi wa Sandra Black katika vitongoji vya Boston, uliotolewa mwaka 1999, ulionyesha kwamba wazazi walikuwa tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa nyumba iliyo upande wa mpaka ambako alama za mitihani ziko juu kwa asilimia 5. Nyumba ni zile zile, barabara ni ile ile.

Shida ni kwamba alama hizo zinapima mambo mawili kwa pamoja: kazi ya shule, na hali ya nyumbani ambako mtoto ametoka. Mtoto wa daktari amefika chekechea akijua kusoma. Shule imemkuta hivyo. Tangu ile ripoti kubwa ya James Coleman ya mwaka 1966 jambo hili linajulikana. Njia bora ni kuangalia watoto wanapiga hatua gani tangu wakiingia hadi wakitoka. Sean Reardon wa chuo kikuu cha Stanford alifanya hesabu hiyo kwa wilaya nchi nzima, na mwaka 2017 akaonyesha kwamba katika Chicago, jiji ambalo wengi hulitaja kwa ubaya tu, watoto kati ya darasa la 3 na la 8 walikuwa wanajifunza masomo ya miaka sita kwa miaka mitano. Kumbe! Alama zilikuwa bado chini, lakini mwendo ulikuwa wa kasi kuliko mahali pengi penye sifa.

Ni kama kupima ng'ombe wa majirani wawili kwa kuangalia unene wake siku moja. Mmoja alinunuliwa mnono, mwingine alinunuliwa amekonda akanenepeshwa. Mfugaji hodari ni yupi?

HESABU YA NYUMBANI

Sasa turudi kwenye mfuko wa yule binti. Tuchukue mfano, namba ni za kujifunzia tu. Tuseme nyumba ya vyumba viwili katika mji wa kawaida ni dola 1,500 kwa mwezi, na katika mji wa matajiri ni dola 2,300. Tofauti ni dola 800. Kwa mwaka ni 9,600. Tangu chekechea hadi darasa la 12, miaka 13, ni dola 124,800.

Binti anafanya kazi ya kuwatunza wazee, kama wengi wa watu wetu huko, na baada ya makato anabaki na dola 16 kwa saa. Kupata hizo 800 anahitaji saa 50 zaidi kila mwezi. Ni zaidi ya zamu sita za saa nane. Zamu za ziada aghalabu ni za usiku au za Jumamosi na Jumapili. Sasa nani atakaa na mtoto jioni? Nani atakagua daftari, ataenda mkutano wa wazazi, atamsomea hadithi? Kama jibu ni baba au shangazi yupo, vizuri. Kama jibu ni "atajifungia nyumbani na televisheni", basi binti anauza kitu chenye thamani ili anunue kingine cha thamani hiyo hiyo.

Na kuna gharama zisizoandikwa. Shule ya matajiri ina safari, vyombo vya muziki, mavazi ya michezo, karamu za kuzaliwa za kila wiki. Mtoto wetu pia anaweza kuwa mweusi peke yake darasani. Wengine husimama imara, wengine hunyong'onyea. Katika mji wa kawaida huenda kuna Wakenya wenzake, mwalimu anayefanana naye, na jirani wa kumwachia mtoto dakika tano. Hivyo havionekani katika alama za shule, wala hakuna duka linaloviuza.

Texas kuna jambo jingine la kupima. Tangu sheria ya 1997, mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake katika shule ya upili, yoyote ile, anapata nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo (chuo cha Austin peke yake kiliruhusiwa baadaye kubana kiwango hicho). Aliye wa kwanza katika shule ya kawaida anapita. Aliye wa katikati katika shule ya kifahari huenda asipite. Kwa kijana wa miaka 15 anayefanya vizuri alipo, sisi tungefikiri mara tatu kabla ya kumhamisha.

JAMBO LA KUONYA

Wengine hutafuta njia ya mkato: wanaandikisha mtoto kwa anwani ya rafiki au ndugu anayekaa wilaya ya matajiri, huku wao wanakaa kwingine. Msiwashauri watoto wenu hivyo. Mwaka 2011 mama mmoja wa mji wa Akron, Ohio, alikaa jela siku tisa kwa kutumia anwani ya baba yake ili binti zake wasome wilaya ya jirani. Gavana wa jimbo alimpunguzia hatia baadaye, lakini jela alikuwa amekwisha kukaa. Na huyo alikuwa raia. Mgeni ambaye karatasi zake bado ziko ofisini, kesi ya udanganyifu inaweza kumharibia kabisa.

Lakini kuna hofu nyingine isiyo na msingi. Mtoto hakatazwi shule ya serikali kwa sababu ya karatasi za uhamiaji. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1982, tena katika kesi iliyotoka Texas. Shule inaweza kuuliza mnakaa wapi. Na mtoto asiyejua Kiingereza vizuri ana haki ya kusaidiwa, kwa uamuzi wa mwaka 1974.

OMBI LIKIFIKA KIKUNDINI

Maoni yetu ni haya. Tenganisheni amana na kodi. Amana hulipwa mara moja, na mpangaji akihama bila deni wala uharibifu hurudishiwa. Kikundi kinaweza kukopesha amana. Tofauti ya kodi ni mzigo wa kila mwezi, na hakuna kikundi cha kijijini kitakachoubeba kwa miaka 13, dola moja ikiwa zaidi ya shilingi 100. Kama binti hawezi kuonyesha kodi ya mwezi wa nne itatoka wapi, mkopo huo haujafika shuleni, umeishia kwa mwenye nyumba. Na hati ya shamba isiwekwe kwa ajili ya kodi. Shamba hudumu, kodi huliwa mwezi ukiisha.

Halafu mwambieni mama amuulize binti kama ametazama ndani ya wilaya aliyomo. Wilaya moja huwa na shule nyingi, na nyingine zina shule maalum za sayansi au sanaa ambazo mtoto wa mtaa wowote wa wilaya anaweza kuomba, mara nyingi kwa kura. Amuulize pia kama huo mji wa matajiri una kona yenye nyumba za kupanga za bei ya chini. Mara nyingi ipo, kando ya barabara kuu au karibu na mpaka, na mtoto wa pale huingia shule zile zile. Na kabla ya kuhama, binti aombe kuitembelea shule siku ya kazi, aone walimu wanavyowasemesha watoto wanaofanana na wake. Saa moja ya kukaa nyuma ya darasa itamwonyesha mengi.

KAZI YA KIKUNDI

Gawanyikeni mara mbili. Upande mmoja umchukue mtoto wa miaka mitano, mama na baba wote wako, na nyumba ya bei ya chini imepatikana karibu na mpaka. Upande wa pili umchukue kijana wa miaka 15, mama yuko peke yake, na tayari anafanya zamu mbili. Tumieni ile tofauti ya dola 800. Kila upande uamue kama ungekopesha, kiasi gani, na kwa dhamana gani isiyo shamba. Kisha kila upande useme swali la kwanza ambalo ungetaka bibi amuulize binti kwenye simu, kabla katibu hajafungua daftari la mikopo.